Mtuhumiwa wa Sura ya Nane

Kwa miezi minne tangu amwoe muuguzi na kuhamia nyumbani kwake, mpima ardhi alikuwa amezungumza na binti wa mke wake mambo manne: mvua, chumvi, ufunguo wa mlango wa nyuma, na saa. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa tu mtu asiyesema jambo mpaka awe na uhakika nalo, na kuhusu msichana wa miaka kumi na mmoja hakuwa na uhakika na lolote. Kazini walimwita Bwana Rula. Nyumbani binti alimwita Anko, kama alivyomwita zamani alipokuwa akija kama mgeni na kukaa kwenye ncha ya kochi, na hakuna aliyemtaka abadilishe.

Tatizo lilikuwa kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili. Muuguzi alikuwa zamu ya mchana. Binti alirudi kutoka shuleni saa kumi, mpima ardhi akarudi kutoka kazini saa kumi na moja, na kuanzia hapo mpaka mama mtu afike, watu wawili wa nyumba moja walikaa wakisikiliza bomba la jikoni likidondosha maji. Wiki ya pili Bwana Rula alilitengeneza lile bomba. Baada ya hapo hapakuwa na hata cha kusikiliza.

Kitabu kiliingia ndani ya nyumba siku ya Jumatatu. Bwana Rula alisimama kwenye mlango wa jikoni akakuta binti amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, beseni la viazi mbele yake, na hakuna hata kiazi kimoja kilichomenywa. Kitabu kilikuwa kimeegemezwa kwenye sufuria. Binti alikuwa akicheka peke yake, mabega yakimtikisika.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hamna."

"Unacheka hamna?"

"Bata bukini amemeza dira."

Bwana Rula akalifikiria jambo hilo. "Dira ya ukubwa gani?"

Binti akamtazama kama mtu anayetazama mlango uliofunguka wenyewe. "Huwezi kuelewa, Anko. Lazima uanzie mwanzo."

"Basi anzia mwanzo."

Alikuwa ameshafika sura ya tatu. Akashusha pumzi kama mtu aliyefika nyumbani akaambiwa arudi sokoni, akafunua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti. Kwamba alikuwa amerudi nyuma sura mbili nzima kwa ajili yake, Bwana Rula hakuliona siku ile. Aliliona baadaye, wakati lilipokuwa linamuuma.

Kitabu kilikuwa cha maktaba ya shule, kimechakaa kwenye pembe, na kiliitwa *Friji la Kapteni Kijiko*. Kilikuwa na sura kumi na moja. Msichana mmoja anajifanya kapteni kwa sababu ndiye pekee mwenye kijiko. Yeye na binamu yake aitwaye Tumbo wanateremka mto ndani ya friji bovu lililolazwa chali, pamoja na bata bukini aitwaye Mheshimiwa, kuitafuta kengele ya shule iliyoibwa. Njiani wanakutana mara kwa mara na tajiri mmoja mnene, Masharubu Mawili, anayevaa masharubu ya bandia juu ya masharubu yake halisi ili asitambulike. Ana kikohozi cha ajabu: kila akikohoa husikika *ngii*, naye husema ni kifua cha tangu utotoni.

"Friji likifungwa hewa haiingii," Bwana Rula alisema jioni ile ya kwanza. "Hao watoto watakufa ukurasa wa ishirini."

"Wametoboa matundu sita kwenye mlango. Ukurasa wa kumi na mbili. Hukusikiliza."

Akakiomba kitabu, akarudi ukurasa wa kumi na mbili, akahesabu matundu. Yalikuwa sita. Akakirudisha, na tangu hapo akasikiliza.

Siku ya pili binti alibandika karatasi kwenye mlango wa kabati la vyombo, yenye masharti matatu kwa mwandiko wa kujikaza. La kwanza, sura za witiri atasoma Anko, za shufwa atasoma yeye, na asiyesoma anamenya viazi. La pili, hakuna kuuliza ukubwa wa kitu katikati ya sentensi. La tatu, hakuna kutangulia. Kitabu kinalala juu ya kabati na hakuna anayekigusa mpaka wote wawili wawepo. Bwana Rula alitia saini na tarehe, na kwa mazoea ya kazi akaandika pembeni idadi ya kurasa za kitabu: mia moja arobaini na nane.

Alikuwa msomaji mbaya kwa namna ambayo haikutegemewa. Hakujua kubadilisha sauti. Maneno ya bata bukini aliyasoma kwa sauti ile ile anayosomea hati ya kiwanja, kila neno likipata haki yake, na alipofika mahali Mheshimiwa anapomng'ata Masharubu Mawili mahali pa kukalia, akasoma kama anatangaza mipaka ya shamba. Binti aliangusha kisu. Alicheka mpaka akapata kwikwi, na Bwana Rula, aliyekuwa hajui amefanya nini, akampa maji.

Kufikia Alhamisi walikuwa wakizungumzia jambo lile mpaka kwenye chai ya asubuhi.

"Mimi nasema Masharubu Mawili ana ndugu pacha," binti alisema.

"Hakuna ushahidi wa pacha."

"Masharubu gani?" muuguzi akauliza, macho bado yana usingizi. "Nani ana pacha?"

"Hutaelewa, mama," binti akamwambia. "Lazima uanzie mwanzo."

Alhamisi hiyo hiyo jioni, walipomaliza sura ya saba, jalada la kitabu likabaki mkononi mwa Bwana Rula na kurasa zikabaki mapajani. Wote wawili wakakitazama.

"Ofisini kwenu si mna gundi ya ramani?" binti akauliza.

"Ipo."

"Kibandike basi. Lakini, Anko."

"Naam."

"Kubandika tu."

"Kubandika tu," alisema Bwana Rula, na alimaanisha.

Ijumaa saa mbili asubuhi alikibandika, akakiweka chini ya vyuma viwili vya kukandamizia ramani kwa saa moja na nusu, kama karatasi ya thamani inavyostahili. Kisha akakitia kwenye mkoba, kwa sababu alikuwa na kazi ya nje na asingerudi ofisini. Kazi yenyewe ilikuwa ugomvi wa mita moja na robo kati ya majirani wawili. Majirani walikubaliana kukutana kwenye kiwanja saa tano. Saa tano waliokuwepo walikuwa Bwana Rula, darubini yake ya kupimia juu ya miguu yake mitatu, na Fito.

Fito alikuwa mtu aliyemshikia fito ya kupimia kwa miaka sita, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake na kwa umbo lake pia. Alijinyoosha kwenye kivuli cha ukuta, akafunika uso kwa kofia. Bwana Rula akakaa juu ya sanduku la darubini, akatoa kitabu ili akague gundi.

Hivyo ndivyo alivyolieleza jambo hilo baadaye, na kwa dakika ya kwanza ulikuwa ukweli mtupu. Gundi hukaguliwa kwa kufungua. Akafungua mwanzoni, mgongo ukashika. Akafungua mwishoni, akitazama mshono tu, mgongo ukashika. Akafungua kwenye uzi wa alama, mwanzo wa sura ya nane, ukashika pia, na jicho likaangukia neno *Inspekta*.

Inspekta wa vyombo vya majini alikuwa amelisimamisha friji katikati ya mto. Alikuwa na fomu ya mistari arobaini, na alikuwa mtu asiyeandika asichokiona kwa macho yake. Mstari wa kumi na tisa uliuliza kuhusu taa. Tumbo akamwambia taa ipo, ila huzimika mlango ukifungwa. Inspekta akauliza wamejuaje kama inazimika. Hakuna aliyejua. Kapteni Kijiko akasema, kwa heshima zote, kwamba njia ni moja tu, mtu awe ndani. Inspekta akatazama fomu, akatazama friji, akavua kofia. Sura iliishia na friji likiteremka mto kwa kasi, watoto wawili na bata bukini wamekalia mlango, na sauti kutoka kwenye yale matundu sita ikisema: "Imezimika. Nipeni mwanga niandike."

Fito akainua kofia usoni. "Bosi, unaumwa?"

"Hapana."

"Nimesikia sauti."

"Nimecheka."

Fito akaketi wima. "Miaka sita," akasema. "Miaka sita nakushikia fito, jua na mvua. Nimetumbukia mtaroni na fito mkononi, hukucheka."

"Ulikuwa umeumia."

"Sikuwa nimeumia. Niliumia moyo ulipokuja kuupima mtaro kabla hujanitoa." Akakinyooshea kitabu kidole. "Kinasema nini hicho?"

"Kuna afisa ameingia ndani ya friji kuhakikisha kama taa inazimika."

Fito akamtazama kwa muda. "Anafanana na wewe."

"Ndiyo," alisema Bwana Rula. "Nimeliona hilo."

Akairudia sura yote tangu mwanzo. Majirani walipotokea, kila mmoja na shahidi wake, ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi, na mpima ardhi waliyemkuta alikuwa na uso wa kawaida kabisa ila macho yalikuwa na maji.

Jioni ile, njia nzima ya kwenda nyumbani alitengeneza hoja. Sura ya nane ni shufwa. Atasoma binti, yeye atasikiliza. Kusikia jambo mara ya pili si kosa. Atacheka panapostahili, kwenye mwanga wa kuandikia, na atacheka kwa kiasi. Alijua hoja hiyo ilikuwa kama kigingi kilichopigwa kwenye mchanga, lakini hakuwa na nyingine.

Binti alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakikunja, akakinusa.

"Umeweza, Anko," akasema.

Hilo lilikuwa baya kuliko kama angemkagua.

Wakakaa. Bwana Rula akachukua kiazi na kisu. Binti akasoma, na yeye, tofauti na Anko wake, alikuwa na sauti ya kila mtu: ya Tumbo ilikuwa ya kutafuna, ya Inspekta ilikuwa kavu na ya taratibu, na Bwana Rula akahisi ameisikia mahali fulani nyumbani humu. Mstari wa kumi na tisa ukaja. Taa ikaja. Akakaza macho kwenye kiazi. "Inspekta akatazama fomu," binti akasoma, "akatazama friji, akavua kofia..."

Cheko lilimtoka puani kabla hajalizuia.

Binti akanyamaza. Akarudia ile sentensi kwa macho, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akitafuta kichekesho. Hakikuwepo. Akageuza ukurasa, akasoma kimya mistari michache ya upande wa pili, kisha akafunga kitabu na kidole ndani.

"Amevua kofia tu, Anko."

Bwana Rula akaweka kisu chini. Angeweza kusema amekumbuka jambo la kazini. Mtu mwingine angesema hivyo, na pengine angeaminiwa.

"Nimeisoma sura ya nane," akasema. "Leo, saa tano na robo mpaka saa sita kasoro dakika kumi."

"Yote?"

"Yote. Mara mbili."

Binti hakulia wala hakupandisha sauti, na hilo lilimpa Bwana Rula kazi, kwa sababu angejua la kufanya na mtu anayepandisha sauti. Majirani wa viwanja humpandishia kila wiki.

"Mimi nilikuwa sura ya tatu," binti akasema mwishowe. "Nikarudi."

"Najua."

"Na ya tisa umesoma?"

"Hapana."

"Na ya kumi? Na mwisho?"

"Hapana."

"Nitajuaje?"

Bwana Rula alikuwa na njia ya kuthibitisha urefu wa kitu, upana wake na kimo chake. Njia ya kuthibitisha kwamba mtu hajasoma kitu, hakuwa nayo. Binti akatoa kidole kwenye kitabu, akainuka, akaondoka nacho kwenda chumbani kwake. Juu ya kabati pakabaki alama ya mraba isiyo na vumbi.

Jumamosi waliongea kuhusu mvua. Jioni wakaongea kuhusu chumvi. Bwana Rula alimenya viazi vyote vya kwenye beseni, na kwa kuwa saa ilikuwa bado, akamenya na vya kwenye gunia.

"Mbona vingi hivi?" muuguzi aliuliza Jumapili, siku yake ya mapumziko, akiwa amesimama mbele ya sufuria tatu. "Tunalisha wodi?"

Akamweleza. Muuguzi alisikiliza huku akifunga kanga kiunoni, na mahali pa kofia ilibidi ageuke kutazama dirisha.

"Ulimwomba radhi?"

"Nilimwambia ukweli wote."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimpa saa za kuanza na kumaliza."

"Baba," akasema muuguzi, "hiyo si radhi, hiyo ni ripoti."

Basi Bwana Rula akaenda kusimama mbele ya mlango wa binti, akagonga mara mbili, akasema kwa mlango uliofungwa kwamba amekosa, kwamba hakuwa na sababu, na kwamba gundi ilikuwa imeshashika tangu ufunguzi wa kwanza. Alipogeuka kuondoka, sauti ikasema kutoka ndani, "Nimesikia." Haikuwa msamaha, lakini ilikuwa alama ya kuanzia, na yeye alikuwa ameshafanya kazi kubwa kwa alama ndogo kuliko hiyo.

Jumatatu saa kumi na moja na dakika tano, binti alikuwa anamngoja kwenye meza ya jikoni. Mbele ya kiti cha Bwana Rula paliwekwa karatasi tupu na kalamu.

"Mtihani," akasema. "Andika nani aliiba kengele, na imefichwa wapi. Mimi mwenyewe sijui, sijasoma, uzi uko pale pale ulipokuwa. Ukimaliza nitasoma mbele mpaka nijue. Ukiwa umepatia, ina maana ulisoma, basi, kitabu namaliza peke yangu na kesho kinarudi maktaba. Ukiwa umekosea, hukusoma."

"Na nikipatia kwa hesabu?"

"Utakuwa umepatia."

"Hiyo si haki. Mtu anaweza kujua kwa kufikiri."

"Basi ungefikiri kabla ya kufungua sura ya nane," binti akasema. Akaenda kukaa kwenye kigoda, mgongo umemgeukia.

Bwana Rula akaichukua kalamu, na hapo ndipo alipouona ubaya wa hali yake. Alikuwa anajua nani aliiba kengele. Alijua tangu Jumatano. Alikuwa ameifanyia kazi hesabu hiyo ofisini, nyuma ya daftari la vipimo, akaihakiki mara mbili, na haikuwa na tundu hata moja. Akiandika anachokijua, atakuwa amepatia, na akipatia amekwisha. Jioni zitarudi kuwa kama zile za bomba.

Njia ya kujiokoa ilikuwa rahisi mno. Angeandika jina lolote. Angeandika kwamba aliyeiba ni Tumbo, kwamba kengele iko mwezini, na ndani ya robo saa angekuwa anamenya viazi na kusikiliza sura ya tisa. Akagusisha kalamu kwenye karatasi. Akakaa hivyo dakika nzima. Halafu akawaza kwamba binti huyu amekaa pale na mgongo wake kwa sababu moja tu, kwamba hajui kama neno la Anko wake linaaminika, na kwamba dawa ya hilo haiwezi kuwa uongo uliowekwa juu ya kosa la kwanza. Akaandika anachokiamini, akajaza ukurasa mzima, akachora na ramani.

*Kengele haikuibwa*, aliandika. *Ukurasa wa tano unasema ilipandishwa mnarani na watu wawili kwa ngazi. Mzigo wa watu wawili haupungui kilo arobaini. Hakuna mtu awezaye kutembea nao bila kuonekana. Ukurasa wa tisa mwalimu mkuu analalamika kwamba ina ufa. Ukurasa wa thelathini na moja mhunzi anasema ana kazi ya shule. Kwa hiyo kengele iko kwa mhunzi, imepelekwa kutengenezwa, na mwalimu mkuu amesahau. Risiti ipo kwenye droo yake. Masharubu Mawili ana tabia mbaya lakini hana hatia. Kikohozi chake ni suala la hospitali.* Chini ya ramani akaweka mshale wa kaskazini, na kwa kuwa kitabu hakikutoa umbali, akaandika: *si kwa kipimo halisi.* Akatia saini.

"Nimemaliza," akasema. "Ningependa ijulikane kwamba nimepatia kwa hesabu."

Binti aliichukua karatasi bila kuisoma, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango.

Bwana Rula alibaki na viazi. Akasikia karatasi ikikunjuliwa. Akasikia kitabu kikifunguliwa, kurasa zikigeuka, moja, mbili, tatu. Alimenya kiazi mpaka kikawa na ukubwa wa dole gumba. Kurasa nne. Tano. Akaanza kufikiria viwanja vya siku ya pili, vipi vina kazi ya kumchelewesha mpaka saa mbili, ili binti asiwe na mtu wa kukaa naye kimya.

Kisha chumbani kukasikika kitu kama kiti kilichosukumwa. Kilifuatwa na kingine, kikavu, kama mtu anayekohoa ndani ya mto. Halafu binti akacheka. Alicheka kwa sauti ya juu, akanyamaza, na kwa jinsi karatasi ilivyochakarisha, ilielekea ameirudia ile ripoti, kwa maana alianza tena, mara hii bila breki. Mlango ukafunguka. Alisimama pale na kitabu kwenye mkono mmoja na karatasi kwenye mwingine, uso umelowa.

"Risiti," akasema.

"Ipo kwenye droo," alisema Bwana Rula, kwa sababu bado aliamini.

Binti akateleza ukutani mpaka akakaa chini.

Ilichukua muda kabla hajaweza kusema tena. "Hujasoma," akasema. "Anko, hujasoma kabisa. Hakuna mtu aliyesoma sura ya tisa anayeweza kuandika hivi. Hata angetaka, asingeweza kuyabuni haya."

Bwana Rula akakitupia kile kiazi cha dole gumba kwenye beseni, jioni zake zimerudi. Lakini palikuwa na jambo jingine lililomsumbua, na hakuweza kuliacha.

"Kwani nimekosea?"

"Sura ya tisa ni ya nani?"

"Witiri. Yangu."

"Basi soma. Mimi nimetangulia sura moja, na wewe ulitangulia moja." Akafikiri. "Lakini wewe uliisoma mara mbili. Kwa hiyo leo unasoma na unamenya."

Aliona ni haki. Akaegemeza kitabu kwenye sufuria, akachukua kisu, akaanza, kiazi mkononi, kwa sauti ile ile ya hati ya kiwanja. Inspekta alikuwa ametolewa kwenye friji, nywele zimesimama, fomu imelowa, na mstari wa thelathini na moja ulidai uzito wa kila abiria. Masharubu Mawili, aliyeomba lifti, akakataa kupimwa. Inspekta akasema ataandika kwa kukadiria, akampigapiga tumboni kwa kalamu, na tumbo likajibu *ngii*. Tajiri akasema ni chakula cha mchana. Inspekta akapiga tena. Mheshimiwa akavuta vifungo vya koti kwa mdomo wake, kimoja baada ya kingine, na chini ya koti, imefungwa kwa mikanda miwili, ikaonekana kengele ya shule.

Kisu kikasimama. "Haiwezekani. Watu wawili waliipandisha."

"Soma, Anko."

"Ukurasa wa tano. Watu wawili, kwa ngazi. Nimeandika."

"Soma."

Akasoma. Mle ndani ya kitabu, mwalimu mkuu aliyefika akihema alikuwa anaulizwa swali lile lile na Inspekta, mtu asiyependa mambo yasiyolingana: kengele iliyopandishwa na watu wawili ingewezaje kubebwa na mmoja? "Mwalimu mkuu akamtazama kwa mshangao," Bwana Rula akasoma, kila neno kwa haki yake. "Akasema, 'Bwana, kengele ni kilo nne. Mmoja alipanda nayo. Mwenzake alikuwa ameshika...'"

Hakulimaliza neno. Alikuwa ameliona, na nyuma yake aliona mshale wake wa kaskazini, na saini yake, na miaka yake ishirini ya kusimama uwandani huku mtu mwingine amemshikia kitu. Kisu kilitua kwenye beseni. Bwana Rula aliinamia meza, mikono juu ya kichwa, na sauti iliyomtoka Fito asingeitambua hata kwa kiapo.

"Ngazi," binti akammalizia, akipiga meza kwa kiganja. "Ameshika ngazi."

Alimngoja. Bwana Rula alijaribu kuinua kichwa mara mbili, akafika kwenye neno "kilo", akashindwa. Sura ya tisa ilikuwa ya kwake, hilo lilikuwa limeandikwa na kutiwa saini, lakini kwa mwendo ule wasingefika ya kumi kabla ya mama kurudi. Binti akavuta kigoda mpaka ubavuni mwake, akakichukua kitabu kutoka kwenye sufuria, akatafuta mstari kwa kidole, na akaendelea kusoma.